Ukiumia Shauri Yako

Nina mlinzi wangu nimemsimamisha kiwanjani. Hali, halali, mshahara hadai, mvua inamnyeshea wala hakohoi. Siku niliyoshtakiwa nikamchukua aje anitetee. Akaja, akasimama upande wa aliyenishtaki. Haya, mtaje. Umeshindwa? Basi usinipe mji, ubaki nao. Watu ninaotaka kukusimulia wana kiwanja kimoja tu, na hicho chenyewe kilifika mahali kikaning'inia kwenye ncha ya kalamu. Keti. Jibu utakutana nalo njiani.

Palikuwa na mwashi mmoja, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, aliyewajengea wenzake nyumba miaka ishirini na miwili huku yeye akiwa mpangaji. Mkewe alikuwa mfagizi wa hospitali. Kiwanja walikipata kwa kujinyima, na vyumba viwili wakavijenga wenyewe, tofali la leo na tofali la mwezi ujao, mpaka paa likakaa. Siku waliyohamia mama yule alilala chini, kwenye saruji tupu, akakataa mkeka. Alisema anataka mgongo wake ujue uko kwake.

Kasoro ilikuwa moja. Kiwanja kilikuwa njia. Miaka kabla hawajanunua, watu wa mtaa wa nyuma walikuwa wakikatiza pale kwenda barabarani, maana kuuzunguka ukuta wa mashine ya kusaga nafaka ni mwendo wa robo saa, na mtu mwenye haraka haoni kiwanja, anaona mkato. Kijia kilikuwa kimelainika kama kiganja.

"Wanapita kifuani mwangu hawa," mwashi alimwambia mkewe. "Juzi mmoja kanisalimia nikiwa naoga. 'Habari za asubuhi, fundi!' Na mimi nikaitika. Nimejaa povu hadi masikioni, nikaitika!"

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Mwashi hakucheka. Alichukua ubao wa boksi la vigae, na rangi nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya mtu, akaandika HAPA SI NJIA, KIWANJA CHA MTU, akausimamisha kwenye nguzo. Watu wakausoma, wakausifia mwandiko, wakapita.

Mvua zilipokaribia alianza kuchimba shimo la choo, palepale kijia kinapopita. Alifika futi tisa, saruji ikamwishia, akalifunika kwa mabati mawili ya zamani na kuyatandazia mchanga upepo usiyabebe. Huko kazini kwake, kwenye majengo ya matajiri, mwashi huyuhuyu halali bila kuzungushia shimo vigingi na kamba, na kwenye kamba anafunga vitambaa vyekundu, na kibarua akisahau anamtukania ukoo mzima. Lakini mganga hajigangi. Nyumbani alichukua brashi tu, akaongeza mstari chini ya ule wa kwanza: UKIUMIA SHAURI YAKO.

"Sasa hapo tumemaliza," alisema, akirudi nyuma kuutazama. "Ukishaandika umeshaandika. Mtu akiingia akavunja shingo, ni yeye na shingo yake. Sheria ndiyo hiyo."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

Darasa la saba walimaliza wote wawili, na huko hawakufundishwa sheria. Na kitu kinachojulikana na kila mtu, nani ataona haja ya kwenda kukiuliza?

*

Asubuhi moja, jua limeshatoka, walikuwa wamekaa ndani wanakunywa chai. Wakasikia bati linalia, halafu kishindo, halafu sauti.

"Jamani! Jamani wa nyumba hii! Nimeanguka!"

Sauti waliijua. Ilikuwa ya Fundi Sindano, mshonaji wa mtaa wa nyuma, mwembamba kama jina lake, ambaye kila asubuhi alikatiza pale kwenda kwenye cherehani yake barazani kwa mwenye duka. Sare ya mama yule, ile ya kufagilia, aliishona yeye. Na kibao alikuwa amekitania siku kilipowekwa: "Fundi mwenzangu, hiki ni cha wageni, sisi wenyeji hakituhusu, au siyo?" Mwashi siku hiyo alicheka, hakusema ndiyo wala hapana.

Mama aliinuka. Mumewe akamshika kifundo cha mkono.

"Kaa."

"Mtu ameanguka, baba."

"Nimesikia. Kibao amekisoma. Mwache akae humo kidogo, atoke akawasimulie wenzake. Kesho hapiti mtu hapa."

"Na kama ameumia?"

"Aliyeumia anapiga kelele hivyo? Huyo ana pumzi kuliko mimi. Kunywa chai yako."

Mkono akauachia. Mama angeweza kutoka wakati ule; mlango ulikuwa hatua tatu, na haukuwa na komeo. Akakaa. Huko nje Sindano aliita tena, na tena, akataja jina la kazi la mumewe, na mama mwenyewe akamwita shemeji. Baadaye akanyamaza. Mwashi akasema, "Umeona? Kachoka." Kisha wakasikia bati linakwaruza, linapanda, linateleza, na kishindo cha pili, na baada yake mlio ambao haukuwa neno la lugha yoyote.

Hapo mwashi mwenyewe alisimama. Lakini wapagazi wa mashine ya kusaga walikuwa wameshausikia mlio ule, wakaja mbio, wakabisha kwa ngumi. "Mwashi! Tupe ngazi!" Mwashi akafungua mlango, na alipofungua akapiga miayo. Akajinyoosha kama mtu aliyetolewa kitandani. "Kuna nini tena asubuhi yote hii?"

Mkewe alikuwa nyuma yake, kikombe mkononi. Aliuona ule mwayo. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona mumewe akisema uongo bila kutamka neno.

*

Penye mahakama hapakosi baraza, na penye baraza hapakosi mtu na mashine yake ya chapa. Huyu walimwita Kifungu, kwa sababu hata ukimwomba kiberiti angekutajia kifungu. Alikuwa anaandikia watu maombi na barua. Mwashi na mkewe walimwendea kwa sababu mguu wa Sindano ulikuwa umevunjika kwenye kifundo, na watu walikuwa wameanza kunong'ona. Walimlipa kwa redio; pesa hazikuwepo.

"Kwanza mtulie," Kifungu alisema, akiizungusha redio kuona kama ina ufa. "Mhalifu ni yeye. Ameingia kwa mtu bila ruhusa. Ashukuru hatumfungi. Kibao kipo?"

"Kipo."

"Kimeandikwa kwa herufi kubwa?"

"Kubwa, nyekundu."

"Basi mna kesi ya dhahabu. Sasa sikilizeni: msiende kumwona. Msipeleke uji, msipeleke matunda, msimwambie pole. Pole ni kukiri kosa."

"Hata pole tu?" mama aliuliza.

"Pole ni nusu ya kesi, mama yangu. Nusu ya pili ni uji."

"Mimi nafagia wodi aliyolazwa."

Kifungu alifikiri. "Fagia. Kazi ni kazi. Ila mdomo ufunge kama bahasha."

*

Akafagia. Siku ya kwanza Sindano alikuwa amelala usingizi wa dawa, ikawa nafuu. Siku ya pili mke wa Sindano alikuwa ameketi chini kando ya kitanda, akafagiwa mpaka miguuni. Wanawake hawa wawili zamani walikuwa wakisukana nywele. Mwenzake aliinua miguu kupisha fagio bila kuangalia juu.

"Niinue na ndoo?" mama aliuliza. Lilikuwa neno la kazi, hakuona kama ni kosa.

"Kumbe linasema! Nilidhani siku hizi fagio ndilo linaloongea na mwenye fagio ndiye kipande cha mti." Akaisogeza ndoo kwa kishindo, maji yakamwagika, mama akapiga magoti akayakausha. Wagonjwa wa vitanda vingine walitazama dari, kama watu wanavyofanya wanapotaka kusikia vizuri.

"Mwache, mke wangu," Sindano alisema. "Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe. Nilipita kwa watu, nikaanguka, nimekoma. Lakini kuna kitu kinanisumbua hapa nilipolala." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeomba uzi. "Nilipoanguka mara ya kwanza sikuumia, nilichubuka kiwiko tu. Nikaita. Nikajiambia hawa wapo, moshi wa jiko lao nauona. Nikaita mpaka koo likakauka. Nilipoona kimya nikasimamisha lile bati nikapanda, likateleza nami. Huko kuanguka kwa pili ndiko kulikovunja mguu. Ni wa kulia, shemeji. Wa pedeli ya cherehani."

Chini ya kitanda kulikuwa na kipande kimoja cha pamba. Mama alikifagia, kikarudi, akakifagia tena.

"Nataka kujua neno moja tu, moyo wangu utulie. Mlinisikia?"

Kile kipande cha pamba alikifagia mara ya tatu, akakisukuma mpaka kitanda kilichofuata, na kilichofuata, mpaka mlangoni, akatoka nacho. Huko ukumbini aliegemea ukuta akiwa ameshika fagio kwa mikono miwili. Muuguzi akapita akamwambia, "Mama, mbona unafagia ukuta?"

Jioni alimweleza mumewe. "Mara ya kwanza hakuumia. Tungetoka, angeondoka kwa miguu yake."

Mwashi aliacha kula. Akainuka, akatoka nje, akachukua vigingi na kamba, akalizungushia shimo lile, fundo moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayefungia mzigo wa safari. Akachana shati lake jekundu akafunga na vitambaa. Mkewe alisimama mlangoni.

"Sasa?" alimuuliza.

"Ndiyo," mwashi alisema. "Sasa."

*

Wiki tatu zilipita bila pole wala uji. Sindano hakuwa na mawazo ya kushtaki, mkewe ndiye aliyesema, "Mtu akikanyaga paka wako anasema pole. Wewe si paka." Akachukua karatasi za hospitali akaenda kufungua kesi.

Siku ya kusikilizwa, mwashi aling'oa kibao chake, akakifunga kwa shuka safi, akakibeba begani kupita mitaa yote ile. Watoto walimfuata wakidhani ni jeneza la mbwa. Askari wa mlangoni alikipapasa kama mtu atakayekuta bunduki ndani. Na hapo ndipo walipogundua jambo ambalo redio yao haikuwa imelinunua: Kifungu haruhusiwi kuingia kusema. Hakuwa wakili. Alikuwa na mashine ya chapa. "Mimi nawaombea hapa nje," alisema, akaketi.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alianza na upande wa pili, na mke wa Sindano alisimama kwa mbwembwe. "Mheshimiwa, pale watu wanapita miaka zaidi ya kumi. Njia ya miaka yote hiyo ni ya umma!"

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua, mheshimiwa."

"Kila mtu huyo hajawahi kuja kwangu," hakimu alisema. "Kiwanja kina mwenyewe, na mumeo aliingia kwa mtu. Hilo nimeliandika. Keti."

Mwashi alimtazama mkewe, uso umemchanua. Akafunua shuka. Hakimu akavaa miwani, akasoma kwa sauti, mistari yote miwili.

"Umeandika wewe?"

"Mimi mwenyewe, mheshimiwa."

"Kwa nini uliandika?"

"Kwa sababu watu wanapita. Kila siku wanapita."

"Kwa hiyo ulijua wanapita. Naona huu mstari wa chini rangi yake imekolea zaidi."

"Niliuongeza baadaye. Baada ya kuchimba."

"Uliposema 'ukiumia', uliona mtu ataumizwa na nini?"

Hapo ndipo mwashi alipoiona njia aliyoletwa, na alikuwa ameshafika mwisho wake. "Na shimo," alisema.

"Kazi yako nini?"

"Mwashi."

"Huko kazini, shimo likiachwa wazi mnafanyaje?"

"Tunazungushia kamba."

"Na kwako?"

"Kwangu... kwangu ni kwangu, mheshimiwa."

"Kiwanja ni chako, kweli. Mguu si wako." Hakimu aliandika kwa muda. "Unaweza kumkataza mtu asiingie. Unaweza kumtoa. Huwezi kumtegea shimo mahali unapojua atakanyaga, halafu ukamwandikia kwamba shauri yake. Hiki kibao kitabaki hapa."

Karani akakichukua, akakiegemeza ukutani upande wa Sindano, kwa kuwa upande ule ndio uliokuwa na nafasi. Basi yule mlinzi niliyekutegea ni kibao hicho. Mwashi alibaki ameshika shuka tupu, hajui alikunje au alivae.

Hakimu akawapa wiki mbili wapatane wenyewe. Wasipopatana ataamua yeye, na aliwaambia wazi, bila ukali: mguu ule ni wa maisha, na mali iliyoonekana kwenye karatasi zake upande wa mwashi ni moja tu, kiwanja.

*

Wazee wa mtaa walikwenda wakarudi, wakaenda tena. Mwisho makubaliano yakapatikana, na yalikuwa mepesi kuliko yeyote alivyotegemea, maana Sindano hakuwa mtu wa choyo. Mwashi atalipa matibabu kidogokidogo. Atamnunulia cherehani ya mkono, ile ya kuzungusha kwa gurudumu, isiyotaka mguu. Atamjengea kibanda cha kushonea mbele ya nyumba yake, bila ujira. Na kiwanja hakitaguswa.

Siku moja kabla ya kusaini, Kifungu alimvuta mwashi pembeni ya baraza. "Nimesikia ana swali analitembeza. Akiuliza, jibu moja: hatukuwepo. Neno hilo ndilo hati yako ya kiwanja."

Mwashi alimletea mkewe maneno yale kama yalivyo. Mama alikuwa anafua sare yake. Aliisuuza, akaikamua, akaisuuza tena maji yakiwa yameshakuwa meupe. Kisha akaingia ndani, akapitisha kiganja kwenye ukuta wa chumba cha pili, pale ambapo plasta haijafika na matofali bado yanakwaruza.

"Tofali hizi za chini nilikusombea mimi," alisema.

"Najua."

"Nikiwa na homa."

"Najua, mke wangu. Ndiyo maana."

Kesho yake walikaa wanne katika chumba cha karani, kwenye viti vya mbao, meza katikati. Fimbo mbili za Sindano zilikuwa zimelala sakafuni. Mguu wake ulikuwa umenyooshwa mbele kama kitu alichopewa amshikie mtu. Karani aliwasomea karatasi yote, akamuuliza Sindano kama ameelewa na hakulazimishwa, akampa kalamu.

Sindano aliishika, lakini hakuinama.

"Nimeelewa, na nimeridhika," alisema. "Kuanguka kwa kwanza ni kwangu. Niliingia kwa mtu, na mahakama imeniambia, na mimi nalisema mbele yenu. Sina neno na hilo. Nataka kujua huku kwa pili ni kwa nani." Akamgeukia mwashi. "Fundi mwenzangu, nilimuuliza shemeji wodini, akaondoka na fagio lake. Leo nawauliza wote. Kama hamkunisikia, basi ni bahati mbaya, Mungu kapanga. Nasaini sasa hivi nakwenda zangu, na Jumapili njooni kwangu mkae kama zamani. Kama mlinisikia, mimi karatasi hii siwezi. Hakimu aamue atakavyo."

"Saini tu, mume wangu," mkewe alisema. Hata yeye alikuwa amechoka. "Cherehani itakuja. Saini."

"Nimeuliza."

Karani alijifanya anapanga mafaili. Mwashi aliweka mikono yake mikubwa juu ya meza, akaitazama, akaiondoa akaificha chini. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Fundi," alianza. "Asubuhi ile... sisi asubuhi ile hatu..."

Neno likakwama. Alijaribu tena, midomo ikafanya umbo lake, sauti haikuja. Akamgeukia mkewe, na macho yake hayakuwa ya mtu anayeamuru. Yalikuwa ya mtu aliyesimama kwenye ngazi na ngazi imeanza kuteleza, anaomba tu mtu aishike chini.

Mama aliitazama kalamu. Neno lile lilikuwa jepesi, na aliyeuliza alikuwa anatamani kulipokea. Ilionekana usoni mwake, jinsi alivyotamani. Kila mtu chumbani mle alikuwa anamngojea alitoe ili waende nyumbani. Akafunga fundo la kanga yake, akalifungua, akalifunga tena.

"Tulikusikia, shemeji," alisema. "Ulianza kuita chai ikiwa bado ya moto. Tulikaa tukainywa mpaka ikaisha."